Kafeli "dismally": tukiacha "vibaya sana", Kiswahili chetu kinasemaje?

MtuWaFotokopi (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jamvi.

Nina kiduka cha fotokopi Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Watu hudhani kazi yangu ni kubonyeza kitufe, kumbe nusu ya siku nawasomea watu barua zao. Ya benki, ya bima, ya hoteli alikoomba kazi, zote Kiingereza, na mwenye barua kasimama mbele yangu kanikodolea macho kama kwamba mimi ndiye niliyeiandika.

Juzi kaja mama mmoja mtu mzima, kavaa buibui, mkononi ana karatasi imekunjwa mara nne. Ripoti ya skuli ya mwanawe, kidato cha tatu. Anataka kopi mbili: moja aiweke ndani, moja aende nayo Wete, Pemba, kwa baba yake, maana babu ndiye anayemlipia mtoto tuisheni kwa pesa ya karafuu. Nikailaza karatasi kwenye mashine. Kabla sijafunga kifuniko akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee hapo chini alipoandika maalim."

Pale chini, kwa wino mwekundu: "He failed dismally in Mathematics."

Nikamwambia, "Kafeli hesabu, vibaya sana."

"Hilo la kufeli nimeliona, namba zinasomeka. Hilo neno jengine ndio nini?"

"Ndio hilo 'vibaya sana', mama."

"Vibaya vipi? Kaibia? Kachorachora karatasi? Hakuandika kitu? Mimi nikifika Wete mzee ataniuliza vibaya vipi. Nimwambieje?"

Nikakwama. Nikababaisha, nikasema ni kufeli kwa namna ya kutia huzuni. Akaitazama ile karatasi, akaikunja tena mara nne, akasema, "Ahaa. Kwa hivyo siku haikuwa yake." Akalipa, akenda zake.

Usiku nikalitafuta hilo neno, nikacheka peke yangu. Mzizi wa "dismal" ni Kilatini, *dies mali*, yaani siku mbaya! Kalenda za Ulaya ya zama za kati zilikuwa na siku mbili za nuhusi kila mwezi, 24 kwa mwaka. Siku hizo mtu haumikwi damu, hafungi safari, haanzi kazi. Hata tarehe 1 Januari ilikuwamo. Wakiziita pia siku za Misri. Neno likapitia Kifaransa, likaingia Kiingereza likiwa jina la siku hizo zenyewe. Baadaye watu wakasahau kuwa ndani yake mna "siku" tayari, wakawa wanasema "dismal days", yaani siku za siku mbaya. Msiwacheke. Sisi tunasema usiku wa Lailatul-kadri, na hiyo "laila" ni huo huo usiku.

Bibi yangu Makunduchi, Jumatano ya mwisho ya mfunguo tano hakuwa akituachia kutoka kiamboni. Ukimuuliza sababu, jawabu lake moja: siku nuhusi. Sikupata kufikiri kama Waingereza nao walikuwa na bibi kama huyo, na kwamba maneno yake yamefichwa ndani ya ripoti za skuli.

Na jamaa za neno hili nazo zina mambo. "Disastrously" inatokana na Kitaliano, *disastro*, nyota mbaya. Mwingereza akisema jambo limekwenda "disastrously", bila ya kujua anasema limekosa nyota, maneno khasa ya mpiga ramli. "Abysmally" ni Kigiriki, shimo lisilo na mwisho. "Catastrophically" nayo Kigiriki, ni kupinduka juu chini (hilo kwa Kiswahili lina sikukuu yake hapa kwetu tarehe 12 Januari, tuliache). "Miserably" ni Kilatini, unyonge wa kuonewa huruma. Kila mmoja kashindwa kwa njia yake, mmoja kwa siku, mmoja kwa nyota, mmoja kwa shimo, halafu sisi wote tunawapa "vibaya sana".

Kitenzi chao tumekichukua, tunasema kufeli, kimeshuka bandarini na uraia kimepata. Kielezi chake ndicho kilichobaki melini. Nataka maneno, wazee. Kamusi ninayo.

---

Mkalimani Mstaafu

Waalaykumu ssalaam. Hadithi yako tamu, kijana, lakini umeuza asili ya neno ukidhani unauza maana yake. Hakuna Mwingereza leo anayesema "dismally" akaifikiria siku, kama usivyoifikiria wewe Jumamosi kuwa ni siku ya kwanza unapouza fotokopi. Huyo mama kapatia asili kwa bahati. Maana hakuipatia. Maalim hakusema siku haikuwa yake. Angesema hivyo angekuwa anamtetea mtoto!

Leo neno hilo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kiza na simanzi: chumba chenye taa hafifu, mvua ya kutwa isiyo radi wala upepo, hiyo tu inayodondoka. Ya pili ndiyo yako: kiwango kimeshuka mpaka anayetazama moyo unamlegea. Ndiyo maana hulikuta karibu na kufeli, karibu na kucheza ovyo uwanjani, karibu na "low". Hulikuti karibu na kufaulu hata siku moja.

Sasa angalia linavyotofautiana na hao uliowataja, maana wote si wamoja. "Disastrously" inatazama kilichofuata: pesa zimepotea, watu wameumia, nyumba imeanguka. Mtoto akipata sifuri ya hesabu hakuna kilichoanguka, kwa hivyo hapo haikai vizuri. "Miserably" inamtazama aliyeshindwa, alivyodhalilika. "Catastrophically" wahandisi wameifanya yao kabisa: chuma kinakatika ghafla, chote, hakuna cha kuokoa. Chujio likiziba pole pole mwaka mzima hawasemi hivyo. Tairi likipasuka gari ikiwa mbioni, wanasema. Na "dismally" inakitazama kiwango, na ndani yake mna pumzi ya mtazamaji anayetikisa kichwa.

Kwa hivyo ningekuwa mimi, hilo neno nisingelitafutia kielezi. Ningeandika: "Matokeo yake ya hesabu yanasikitisha." Kwisha. Kielezi cha Kiingereza kimekuwa kitenzi cha Kiswahili, na mwenye kusikitika yumo ndani yake. Miaka thelathini nimefanya kazi hii na nusu yake ilikuwa kuvigeuza vielezi vyao vitenzi. Wao hutenda halafu wakaeleza walivyotenda. Sisi tunachagua kitendo chenyewe.

---

Mtembeza Wageni

Niongeze moja ambayo haimo kwenye kamusi zenu.

Mimi natembeza watalii mashamba ya viungo upande wa Kizimbani. Kuna kituo cha mnazi, kijana wetu anapanda na kitanzi cha kamba miguuni, anaimba huku anapanda, juu anaangua madafu. Mgeni mmoja, Muingereza, mtu mzima na kitambi chake, akasema na yeye anataka kujaribu. Tukamtia kitanzi. Akapanda kama dhiraa moja hivi, miguu ikamteleza, akabaki kaukumbatia mnazi kama mtoto kamkumbatia mama yake, kofia ikaanguka, mkewe anapiga picha. Akashuka kajaa vumbi kifuani, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Well, I failed dismally!"

Mimi nikamwendea kwa huzuni, nikamwambia pole sana, nikampa na maji. Akanishangaa. Yeye anacheka, mke anacheka, wenzake wanacheka, mwenye huzuni ni mimi peke yangu.

Nikaja kufahamu: wakijisemea wenyewe, neno hilo ni mzaha. Nimejaribu kuoka mkate, nimefeli "dismally". Nimejaribu kuacha sigara, nimefeli "dismally". Anajikuza kushindwa kwake ili mcheke naye. Mwengine akikusemea wewe, hapo ndipo linapochoma. Basi maalim kuliandika juu ya mtoto, kwa wino mwekundu, nahisi kama kazidisha chumvi.

---

MtuWaFotokopi

Mkalimani, shikamoo. Nimekubali kwenye asili na maana, ingawa roho inaniuma, hadithi ilikuwa nzuri. Ila "yanasikitisha" naona imevaa koti. Ni Kiswahili cha ofisini. Mama yule hawezi kumwambia babu "matokeo yanasikitisha, baba", atadhani anasikiliza taarifa ya habari.

Mtembeza Wageni, hiyo ya mnazi nimeicheka mpaka wateja wameniangalia.

---

Nahodha wa Mkoani

Yakhe, nyinyi watu wa mjini maneno mnayo mnayapita juu. Babu yuko Wete, watu wa Wete wanajua bahari. Mwambieni hesabu zimekwenda mrama.

Lakini mrama nao mnautumia sivyo. Siku hizi kila kitu kikiharibika mnasema kimekwenda mrama, kama kwamba ndio mwisho. Mrama ni chombo kulala huku na huku, ubavu huu na ubavu huu, mawimbi yakikipiga kwa pembeni. Watu wanatapika, sufuria inamwagika, kuku wanapiga makelele, lakini chombo kinakwenda. Nimekwenda mrama mara ngapi baina ya Nungwi na Mkoani, na mimi huyu naandika.

Kisha kuna kupwelewa. Umeingia kwenye kina kidogo, hukuangalia maji, yakatoka, chombo kimekaa mchangani kimelala ubavu, wewe umekaa juu yake unatazama kaa wanapita. Hapo hakuna kilichovunjika. Unangoja maji yajae. Na aibu unaipata, maana kila anayepita pwani anakuona.

Kisha kupanda mwamba. Hapo ubao umepasuka, lakini bado mnaweza kufua maji mkafika. Kisha kutota, na hapo sina haja ya kueleza.

Sasa nyinyi wasomi mniambie, "dismally" ni kipi katika hivyo? Mimi kwa ninavyosoma hapo juu, kiwango kimeshuka na watazamaji wanatikisa kichwa, naona ni kupwelewa. Chombo kizima, maji hakuna, na watu wanakutazama.

---

Bint Mkoani

Nahodha, ahsante kwa kuliacha hilo la mwisho bila kulieleza. Niliseme mimi kidogo, si kwa ubaya.

Nimeona watu mitandaoni wakiandika "timu imezama", "chama kimezama", "mitihani imezama", na vicheko. Kwetu baada ya kuzama meli ya Spice Islander usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, na Skagit tarehe 18 Julai mwaka uliofuata, kuna nyumba neno hilo halitajwi kwa mzaha. Sisemi watu wasilitumie, lugha haina polisi. Nasema tu kwamba anayetafuta neno la kufeli hesabu asiende kulichukua kule. Mkalimani kaeleza tofauti ya "disastrously" na "dismally" vizuri, na mimi naona hiyo ndiyo tofauti ya kuzama na hivyo vyengine. Yale yalikuwa maafa. Hii ni ripoti ya skuli.

Na kupwelewa nimekupenda.

---

Mkaazi wa Kikwajuni

Mnazungumzia kushindwa na hamjautaja ule mradi wa karanga wa Waingereza? (Njugu, kwa tuliozaliwa huku.) Walianza 1947 pale Kongwa, wakapanga kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, ili wapate mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yakavunjikia kwenye mibuyu na vichaka, mvua ikakataa, udongo wa mfinyanzi ukikauka unakuwa kama tofali na njugu zimo ndani yake, huzichimbui. 1951 wakaufunga, na pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda na maji, kama Kongwa ingekuwa na maji.

Mpaka leo Mwingereza akitaka mfano wa mradi wa serikali uliofeli vibaya huutaja huo, na vielezi vyote vya mwanzisha uzi nimeviona vimewekwa hapo kwa zamu. Na kwa hesabu ya Nahodha? Huo haukwenda mrama wala haukupwelewa. Huo ulijengwa juu ya nchi kavu, ukasubiri bahari ije.

---

Sina_Muda

Uzi mzima kwa neno moja?? Kafeli. Basi. Mtoto akasome.

Na alipata ngapi kwanza? Hakuna aliyeuliza.

---

MtuWaFotokopi

Sina_Muda, siri ya mteja.

---

Tiara

Mie niwape la watoto. Sisi Ng'ambo tulikuwa tunarusha tiara juu ya mapaa, uzi ukikatika tiara linakwenda arijojo. Unaliona linaondoka, linapepesuka, linapita minara, wewe umebaki na kigongo cha uzi mkononi, unakimbia vichochoroni na unajua hulipati. Wazee wakalichukua wakawa wanasema mambo yake yamekwenda arijojo.

Hilo ni kufeli kwa kuponyoka. Mtu alikuwa na kitu mkononi. Kwa mtoto wa hesabu labda halifai, sijui kama alipata kuzishika hizo hesabu.

Mengine ya haraka: mali isiyonunuliwa imedoda. Aliyekwenda kutafuta akarudi mikono mitupu katoka kapa. Mambo yaliyopinda yamekwenda kombo, yamekwenda tenge, yamekwenda benibeni, yamekwenda segemnege. Hayo manne nimejaribu kuyatenganisha leo nikiwa kwenye daladala kutoka Darajani mpaka Fuoni, nimeshindwa. "Dismally" 😂

---

Mkalimani Mstaafu

Tiara, hapo ndipo hoja yangu ilipo. Watazame hao wote: kudoda, kupwelewa, kwenda arijojo, kutoka kapa. Hakuna hata kimoja kinachosema kiasi gani. Kila kimoja kinasema kilichoshindwa ni kitu gani. Bidhaa hudoda, mtu hadodi, ukimwambia mtu kadoda umemtukana. Mtu hutoka kapa, bidhaa haitoki kapa. Mwingereza kielezi chake kimoja anakibandika kwa mtoto, kwa timu, kwa mradi wa njugu, kwa mkate, kote kinashika. Sisi tukitaka kutafsiri lazima kwanza tuulize nani kashindwa, na alikuwa akifanya nini.

Kwa hivyo swali la huyo mama, "vibaya vipi?", halikuwa la kijinga hata kidogo. Lugha yake inamlazimisha aulize.

Na "yanasikitisha" nakubali, imevaa koti. Ripoti nayo ni karatasi ya ofisini, lakini babu si ofisi. Kwa babu, mpe ya Nahodha.

---

MtuWaFotokopi

Wana jamvi, nimerudi na matokeo. Mama kapita leo dukani, katoka Wete na boti ya asubuhi. Ameniruhusu kuyasema, hata namba.

Kabla hajaondoka nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi maneno matatu ya Nahodha, nikamfahamisha tofauti zake, nikamwambia achague. Akachagua mrama. Anasema kupwelewa kuna aibu ndani yake, na mtoto wake hajaiba.

Kafika, kamkuta mzee ukumbini kwenye jamvi la karafuu anachambua vikonyo. Kamsalimia, wamekunywa chai, kisha akamwambia, "Baba, hesabu za mjukuu wako zimekwenda mrama."

Mzee hata hakuinua kichwa. Akauliza, "Ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kwa ngapi?"

"Kwa mia."

Mama anasema akaendelea na vikonyo vyake, tak, tak, mpaka yeye akaanza kuogopa. Kisha mzee akauliza, "Na wenziwe darasani?"

Mama hakujua. Akampigia simu mtoto palepale, mzee anasikiliza. Darasa lina watoto 52. Waliopasi hesabu ni wawili. Aliyewafuata hao wawili alipata 28. Wote hamsini wameandikiwa neno lile lile, kwa wino ule ule.

Mzee akaomba ile kopi, akamwambia mama amuoneshe neno liko wapi. Akaliwekea kidole, maana Kiingereza hasomi, akauliza, "Sasa hili hapa, maalim kamwandikia nani?"

Ndiyo maana mama kapita dukani kabla hajafika nyumbani. Anataka barua ya Kiingereza kwa maalim, ya adabu, kuomba aelezwe darasa linasaidiwaje kabla ya mtihani wa mwakani. Nimeshaichapa, ina mistari mitano. Nimeisoma mara mbili kutafuta kielezi, sijakitia hata kimoja.